Msimu wa Kumkausha Chelel

Jumamosi, 8 Machi

Nimemficha Jackton jambo, na kwa kuwa siku hizi natafuta miwani iliyo usoni pangu, naliandika hapa kabla sijalisahau. Daktari wa Kericho anasema moyo wangu umevimba na umechoka, na mvua hizi huenda zikawa za mwisho kwangu. Hakulitamka hivyo. Alimuuliza mke wangu Drusilla kama watoto wetu wanaishi karibu. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Najua kulisoma jibu ndani ya swali.

Drusilla anajua. Nicholas, mwanangu wa Nairobi, anajua nusu. Jackton hajui kitu.

Jackton alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai mpaka alipostaafu mwaka jana. Mkewe, Dorcus, ametangulia kwao Kendu Bay, kwenye nyumba mpya yenye veranda ya saruji. Jackton mwenyewe amebaki kwenye chumba cha kupanga hapa Kiptere kwa sababu moja tu: pikipiki yangu inavuja oili. Aliapa hotelini, mbele ya watu na chapati zao, kwamba hatavuka daraja la Sondu hali Chelel anavuja. Watu wangesema fundi mzima ameshindwa na kipikipiki cha mwalimu.

Chelel ni jina tunalompa ng'ombe mweupe. Tangi lake lilikuwa jeupe nilipoinunua kwa afisa wa kilimo aliyehamishwa, Nicholas akiwa bado mgongoni. Sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Tangu zamani hizo, pale anaposimama kwenye pembe ya nyumba, nyasi hazioti.

Jackton akijua habari ya moyo, atabaki kwa kunihurumia, na atakuwa akizungumza nami kwa sauti ya chini kama mtu aliye wodini. Sitaki. Nataka abaki kwa ajili ya pikipiki.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Majani ya chai yamechangamka kuliko mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Jackton alikuja saa nne na sanduku lake la spana, akanisalimu "chamgei" kwa lafudhi ya ziwani, nami nikamwitikia kwa Kijaluo kibaya zaidi, ili tuwe sawa. Huniita Mwalimu. Mimi humwita Jaduong', yaani mzee kwa lugha yake, nikitaka kumpandisha, na Jackton tupu nikitaka kumshusha. Hucheka namna sisi watu wa huku tunavyosema "bikibiki". Mimi humwambia anapotaja samaki anasikika kama mtu anayesali.

Leo alieleza mpango wake. Oili haionyeshi inapotokea. Hutoka juu, upepo huisukuma nyuma, ikateremka kwa mapezi ya kupoza injini, ikadondoka chini kabisa, ndipo mtu akalaumu nati ya chini isiyo na kosa. Kwa hiyo kwanza alimwosha Chelel kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka bati likang'aa. Kisha akaomba unga.

Drusilla aliuliza unga wa nini. Jackton akamweleza kwamba unga ukipakwa kwenye injini kavu na injini ikawashwa, mahali panapovuja pataloa kwanza na kuwa peusi. Drusilla akasema unga wa mahindi upo, wa ngano ni wa wageni.

"Mama Nicholas, hii ya mahindi iko na chenga," Jackton alisema. "Inaanguka. Nipatie ile ya chapati."

Alipewa, lakini alipimiwa kwa kikombe.

Tulimpaka Chelel akawa kama anakwenda kuolewa. Jackton akapiga kiki, injini ikanguruma, tukaingia ndani kunywa chai huku ikipata moto. Tuliporudi, kuku wa Drusilla walikuwa wameizunguka, wawili wamesimama kwenye mahali pa kuwekea miguu, wakidonoa. Ushahidi wote ulikuwa umeliwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na ikabidi nijifanye nafunga kamba ya kiatu ili nivute pumzi.

Jackton hakucheka. Alisema kesi imeahirishwa.

Jumamosi, 22 Machi

Kuku wamefungiwa. Unga umeloa kwenye kifuniko cha juu, pale penye vali. Jackton alifungua, akaondoa gasketi iliyokauka kama ganda la ndizi, akaomba karatasi ngumu. Nilimpa jalada la faili la mitihani ya zamani. Aliliweka juu ya kifuniko, akagonga ukingo taratibu kwa kichwa cha nyundo mpaka umbo likajichora lenyewe, akakata kwa wembe. Ni kazi nzuri kuitazama. Sehemu iliyobaki ya faili ilikuwa na maksi za kidato cha tatu. Sasa mtu fulani aliyefeli sauti na mwangwi anaziba oili.

Alijaza oili, akachovya kijiti cha kupimia, akaniuliza mimi kama shahidi. Kijiti kilisema imefika kwenye alama. Hakuna tone.

Jumatano, 26 Machi

Kila asubuhi nikitoka nje kwenda kutazama milima nachomoa kijiti, nakifuta, nakichovya. Ni mazoea, kama zamani nilivyokuwa nikipita darasani kabla ya kengele. Leo kilionyesha chini kidogo. Niliongeza.

Alhamisi, 27 Machi

Tone.

Jumamosi, 5 Aprili

Safari hii ni nati ya chini ya kumwagia oili. Washa yake, ile pete ya shaba, ilikuwa imekuwa ngumu. Jackton aliichoma kwenye jiko la Drusilla mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, ikalainika. Drusilla alisema sasa jikoni kwake kumegeuzwa gereji na anangoja tu siku atakapokuta kuku amepakwa grisi.

Dorcus alipiga simu tukiwa hapo. Jackton si mtu wa simu. Hupiga akiwa na la kulalamikia tu. Dorcus husema akiona jina lake kwenye simu anajua kuna mtu amemkosea. Leo Dorcus ndiye aliyelalamika. Amepanda mahindi peke yake. Jackton alimwambia kazi imebaki kidogo, akanitupia jicho kana kwamba mimi ndiye ninayevuja.

Jumapili, 6 Aprili

Ibada. Mvua kwenye mabati ilimshinda mchungaji, tukaimba tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Anavuja tena. Sasa ni sili, pete ya mpira inayozuia oili nyuma ya sprokezi ya mbele, lile gurudumu la meno la mnyororo. Jackton alikwenda Kericho mjini kuitafuta, akarudi bila, akaipata baadaye kwa Phelix, kijana mwenye gereji hapa sokoni, kwenye kopo la vitu ambavyo havijulikani ni vya nini. Kaiweka. Kajaza. Kijiti kiko kwenye alama.

Zamani nilidhani Jackton ni mtu wa majivuno. Tulifahamiana miaka mingi kwa kubishana tu: mpira, siasa, kama maziwa ya kibuyu ni chakula au ni ajali. Sasa namtazama akisafisha uzi wa bolti moja kwa dakika nyingi, bolti ambayo hakuna atakayeiona, na naona kwamba kile nilichokiita majivuno ni namna yake ya kuheshimu vitu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nilipumua vibaya asubuhi. Drusilla alinikalisha juani. Nikamwona Chelel pembeni, na chini yake sahani ya bati aliyoiweka Drusilla, na ndani ya sahani doa jeusi. Nikafurahi. Niliona haya kidogo kwamba nimefurahi siku kama ya leo, lakini nilifurahi.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Jackton alitaka kumjaribu Chelel barabarani. Alinipakia nyuma, Drusilla akinifunga skafu kama mtoto wa chekechea, tukateremka kuelekea kituo cha majani. Sijapanda pikipiki tangu mwaka juzi. Chai pande zote mbili, kijani hadi macho yanaumia, wachumaji na vikapu mgongoni wakitupungia. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia tena. Nilitaka kupiga honi, lakini honi iko mbele.

Hatujafika mbali, mvua ya mawe. Ile ya kwetu, inayokuja bila hodi na kupiga kichwa kama mwalimu wa zamani. Jackton akakata kona akaingia na pikipiki moja kwa moja ndani ya banda la kituo. Walikuwamo akina mama na vikapu vyao vya majani, na Bethwel, karani wa kupima majani, amekaa karibu na mizani yake. Bati likapiga kelele hatukusikiana. Jackton alijiunga na akina mama kulalamikia majani yatakayoharibika. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikachomoa kijiti.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Si kidogo. Ilikuwa imepanda karibu na kishikio cha kijiti.

Nikafuta kwa kitambaa changu cha pua. Nikachovya tena. Vilevile.

Nikatazama chini. Sakafu ya banda ni saruji, imesawazishwa kwa pimamaji, kwa sababu mizani ikiinama wakulima wataandamana. Nadhani hapa pote, ukiacha sakafu ya kanisa, hakuna mahali pengine palipolala sawa. Sisi tunaishi kwenye miteremko. Ng'ombe wetu wana mguu mmoja juu na mmoja chini. Na Chelel, tangu nilipomleta nyumbani, amesimama kwenye pembe ile ile, uso ukielekea mlimani. Tundu la kijiti liko mbele ya injini. Oili, kama kioevu chochote, haijali injini imeinama vipi. Yenyewe hulala sawa. Kwa hiyo hukimbilia nyuma, na kijiti kilicho mbele husema imepungua. Nami huongeza. Kila tunapotengeneza, Jackton naye hujaza hapohapo kwenye mteremko, mpaka alama. Injini inazidishiwa, vyuma vinavyozunguka ndani vinaipiga oili hiyo mpaka inatoa povu, hewa inakosa pa kwenda, inasukuma, na oili inatoka popote penye udhaifu. Leo ukiziba hapa, kesho inatafuta pale. Gasketi haikuwa na kosa. Washa haikuwa na kosa. Sili haikuwa na kosa.

Jambo hili nilikuwa nikilifundisha kidato cha pili, muhula wa kwanza. Nilikuwa nikichora ubaoni birika lililoinama.

Jackton naye asingelifikiria. Mitambo aliyoishi nayo kiwandani imefungwa kwa bolti kwenye sakafu iliyonyooka. Kwao ziwani ni tambarare. Ni kosa la watu wa milimani peke yao, na mimi ndiye mtu wa milimani hapa.

Nilifungua mdomo nimwite. Mawe yalikuwa yamepungua. Yeye akageuka kwanza, uso wake umelowa na unacheka.

"Mwalimu, hii sili nimeiweka poa. Ikikaa kavu mpaka wiki ijayo, mimi naenda kwa bibi yangu Dorcus. Nimechoka kupikia mwenyewe."

Nikarudisha kijiti tunduni. Nikakaza. Nikasema, "Tutaona."

Jumapili, 27 Aprili

Sikuenda kanisani. Nilimwambia Drusilla ni kifua. Haikuwa kifua.

Jumanne, 29 Aprili

Tone. Asante.

Jumamosi, 10 Mei

Jackton amebadilisha sili mara ya pili. Safari hii chupa ya oili ilimwishia kabla ya alama, akasema ataongeza kesho, kisha akasahau. Mimi sikumkumbusha, kwa kuwa sikufikiria maana yake.

Jumatano, 14 Mei

Nimefikiria maana yake. Sahani ya Drusilla iko kavu tangu Jumamosi. Jackton alipita jioni, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya injini na kukinusa. Akasema haamini. Akanishika bega na kusema atakwenda Jumapili, na nikimhitaji Kendu Bay si mwezini.

Kwa mtu mwenye moyo wangu, Kendu Bay ni mwezini.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi, kabla ya ng'ombe kukamuliwa, nilichukua kopo la oili nililokuwa nimeliweka nyuma ya nyasi za ndama, nikamwongezea Chelel. Sikupima kwa kijiti. Nilimimina kwa moyo, huo huo uliovimba. Halafu nilipiga kiki. Sikuweza mara ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu iliwaka, nikakaa juu ya ndoo huku nikihema na kucheka.

Drusilla aliniletea chai. Alinusa.

"Baba Nicholas, unanuka gereji."

Nikasema nilikuwa nikimtazama Chelel. Akasema kutazama hakunuki.

Ijumaa, 16 Mei

Matone matatu. Jackton ameahirisha safari.

Jumamosi, 24 Mei

Alimfungua Chelel wote. Vyuma vilitandazwa kwenye gunia kwa mpangilio, kama sahani za harusi. Alikagua kila ukingo kwa kioo na kucha. Hakuona kitu, kwa kuwa hakuna kitu. Alinyamaza siku nzima. Drusilla alimpa ugali na mboga na maziwa ya kibuyu kwa makusudi, ili abishe. Aliyanywa bila neno.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua. Chai imezidi, lori la majani limekwama kwenye matope huko chini, watu wamekwenda kulisukuma. Wamenikataza nisiende. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu vya mpira.

Jumamosi, 31 Mei

Jackton alikuja mikono mitupu. Nilimuuliza sanduku liko wapi. Alikaa kwenye ngazi, akanyoosha viganja vyake mbele yangu, vikubwa, vyeusi kwenye mistari.

"Hii mikono imeisha, Mwalimu. Nimemwambia Phelix achukue spana zote. Nikitoka hapa sishiki tena pikipiki ya mtu. Kitu kidogo hivi imenishinda, si ni aibu?"

Nilimwambia asiseme hivyo. Akasema yeye husema anachokiona. Aliondoka bila kumaliza chai.

Drusilla alikuwa dirishani. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye banda la ndama, akarudi na kopo, akaliweka mbele ya miguu yangu. Hakupandisha sauti. Huwa hapandishi.

"Ni ya nini hii?"

Nikamweleza yote: sakafu, mteremko, kijiti, chupa iliyoisha, asubuhi ya ndama. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka kwenye sehemu ya mteremko. Hakucheka.

"Dorcus pia ako na bwana mmoja tu," alisema. "Wewe mwambie, ama mimi nitamwambia kesho baada ya ibada, na mimi sitapanga maneno vizuri."

Nimekaa na kopo hili miguuni kwa muda mrefu. Nilitaka kumweka rafiki karibu. Nimemvunja fundi. Sikujua kwamba wawili hao ni mtu mmoja.

Jumatatu, 2 Juni

Jana nilimwahidi Drusilla kwamba nitasema leo, na leo nimefanya. Nilimwomba Jackton anipakie mpaka kituo cha majani. Alidhani nataka kuonja upepo. Sikumwambia kitu njiani.

Bethwel alikuwa akipima. Tulimsukuma Chelel mpaka katikati ya sakafu, tukangoja oili itulie. Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa kitambaa, nikampa.

"Chovya. Soma."

Alichovya. Akatazama. Akafuta, akachovya tena kama nilivyofanya mimi. Akatazama sakafu, akatazama mlango, akatazama mteremko tuliotoka. Ni mtu mwepesi. Nilimwona akifika, hatua kwa hatua, pale nilipofika siku ile.

"Kumbe ni kilima," alisema. Na kwa kitambo uso wake ulifunguka, kwa kuwa mikono yake haikuwa imeisha. Kisha akaniangalia. "Umejua lini?"

"Siku ya mvua ya mawe."

Nikaongeza, kwa kuwa nusu ingekuwa mbaya kuliko kunyamaza: "Na ile wiki alipokauka, niliongeza oili mwenyewe. Kwa makusudi."

Jackton aliweka kijiti kwenye kiganja changu, taratibu, kama anarudisha kitu cha watu. Akatoka akaenda zake kwa miguu.

Mimi siwezi kumwendesha Chelel, wala kumsukuma kupanda. Nikakaa kwenye kikapu kilichopinduliwa. Bethwel alisema pikipiki italala hapo, na mimi nitarudi na lori la majani. Wapakiaji walininyanyua kama gunia, wakaniweka juu ya majani mabichi, laini kuliko kitanda changu, na yenye harufu ambayo nimeishi ndani yake maisha yangu yote bila kulala juu yake. Dereva alipita polepole. Watoto waliokuwa wakitoka shule waliniona wakapiga kelele, "Mwalimu amechumwa!" Nilikuwa na huzuni kubwa, na bado nilicheka.

Jumanne, 3 Juni

Hakuja.

Jumatano, 4 Juni

Hakuja. Drusilla ameniambia nile.

Alhamisi, 5 Juni

Nilimsikia kabla sijamwona. Chelel ana sauti yake, na leo ilikuwa nyepesi, kama mtu aliyevua koti zito. Jackton alipanda nayo mpaka kwenye pembe ya nyumba, lakini hakuiegesha ikielekea mlimani. Aliigeuza ikakaa ubavu, akaweka jiwe chini ya tairi, akachungulia na kuongeza ubao. Alikuwa na sanduku lake la spana nyuma.

Akaweka chupa mezani. Ndani mlikuwa na oili aliyoitoa.

"Hii yote ilikuwa ya zaidi," alisema. "Maskini alikuwa amevimba."

Alikaa. Drusilla alileta chai akaingia ndani, na najua alisimama nyuma ya pazia. Jackton akakoroga sukari muda mrefu.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Nikamwambia habari ya moyo. Nilimwambia kuhusu daktari na swali lake la watoto. Nikamwambia sikutaka abaki kwa kunihurumia.

"Na kubaki kwa ujinga ndio nzuri?"

Nikasema hapana. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya mikono yake. Hilo niliona ndilo zito, kuliko mahindi ya Dorcus, kuliko siku zote. Alitazama viganja vyake kana kwamba vimerudi kutoka safari.

"Siku mbili nilikuwa na hasira hadi nikashindwa kula," alisema. "Halafu nikaenda kwa Phelix kuchukua spana. Kijana anauliza, mzee, ulipata ilikuwa nini? Nikamwambia ilikuwa kilima. Amecheka mpaka amelala kwa tairi. Na mimi nikacheka. Sasa nitakasirika na nani?"

Kisha akaniuliza kama inauma, pale kifuani. Hakushusha sauti kama mtu wa wodini. Aliuliza vile anavyouliza injini inagonga upande gani. Nikamweleza upande gani.

Jumamosi, 7 Juni

Sahani kavu. Drusilla ameiosha na kuirudisha jikoni. Jackton anakwenda Jumamosi ijayo, na safari hii hakuna atakayemzuia. Tumekubaliana, Drusilla na mimi, na Nicholas kwa simu, kwamba Chelel aende naye. Mimi siendeshi tena, na pikipiki isiyoendeshwa hukauka vibaya. Jackton alikataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akauliza karatasi zake ziko wapi.

Jumatano, 11 Juni

Nilipumua vizuri leo. Mvua inakatika.

Jumamosi, 14 Juni

Ameondoka. Alikuja mapema na mfuko mmoja na koti la mvua. Drusilla alimkaribisha ndani, akampa chai, mayai, na chapati za ule unga wa wageni, halafu akamfungia chupa ya maziwa ya kibuyu. Jackton alisema akina mama wa kwao watadhani ni dawa ya ng'ombe. Aliibeba hata hivyo, ndani ya koti, karibu na tumbo.

Tulishikana mikono nje. Aliniambia nisife kabla ya mavuno ya mahindi, kwa kuwa Dorcus atataka kuja na yeye na hawezi kuacha shamba. Nikamwambia nitajitahidi. Akasema mtu wa fizikia asiseme nitajitahidi, aseme tarehe. Drusilla ndiye aliyelia. Sisi wawili tulikuwa tukikagua tairi.

Nilimwuliza atapima oili wapi. Akasema ameshajifunza: akifika, kabla hajasalimia mtu, atamsimamisha Chelel kwenye veranda yake, ambayo aliwasimamia waashi mwenyewe, pimamaji mkononi, atachomoa kijiti na kusoma. Nikasema vizuri sana. Kisha akapiga kiki mara moja tu, akateremka kati ya mashamba ya chai, na sauti ile nyepesi ilisikika mpaka kwenye kona ya shule, halafu haikusikika.

Drusilla amelala kidogo. Mimi nimekaa kwenye pembe ya nyumba, pale nyasi zisipoota, na simu iko pajani. Jackton, kama nilivyoandika, si mtu wa simu. Hupiga akiwa na la kulalamikia tu. Atafika Kendu Bay alasiri, atapima, na nadhani kabla ya jua kuzama simu hii italia na nitatukanwa kwa lugha tatu.

Asubuhi, alipokuwa ndani akinywa chai, nilimwongezea Chelel kikombe kimoja.